Mbwa katika parsele (kiwanja cha nyumba) ya Goma: kabla hujanunua mnyororo

Jambo yenu, wapapa na wamama, nanyi vijana mliosimama huko nyuma. Karatasi za maswali mlizotuachia mlangoni tumezisoma zote, na karibu kila moja ni manung'uniko. Mbwa analala huku mwizi akipita. Mbwa anabweka usiku kucha na hakuna kitu. Mbwa amemng'ata mtoto wa mpangaji. Mbwa alikula vizuri Jumapili, Jumanne amekufa. Hakuna aliyeandika kwamba mbwa wake huitambua pikipiki yake kati ya zote zinazopita barabarani na kuanza kuzunguka mlangoni kabla haijafika. Hayo mmeyazoea, hayaandikiwi karatasi.

Tulipoyapanga manung'uniko, mengi yalirudi mahali pamoja: mbwa alinunuliwa kama kufuli. Kufuli unalifunga na kwenda kulala. Halioni hofu, haliugui, wala halikumbuki nani alilipiga teke. Basi leo tutasema zaidi juu ya mwanzo, yaani miezi minne ya kwanza, na juu ya mnyororo. Mengine tutayapitia haraka.

Tuanze na umri, kwa sababu hapo ndipo wauzaji wanawashinda. Mtoto wa mbwa anapaswa kukaa na mama yake mpaka wiki ya 8. Njiani mtauziwa wa wiki 4 na kuambiwa ana miezi miwili. Mfungue mdomo. Meno ya mbele ya utoto huanza kutoka wiki ya 3 hadi ya 4, na yote 28 huwa yametimia kati ya wiki ya 6 na ya 8. Ukikuta ufizi bado una mapengo, mrudishe. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zinahesabika halijashiba: ni minyoo. Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, halafu kila miezi 3. Msiisahau, maana mayai ya minyoo hiyo hukaa mchangani wanakochezea watoto wenu.

Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu ya 14, mtoto wa mbwa anajifunza kipi ni cha kawaida duniani. Alichokizoea wakati huo hakitamtisha baadaye. Aliyefungiwa stoo kipindi hicho ili "asizoee watu" atatoka akiogopa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), mwavuli, mama mwenye bidoni ya maji kichwani, mtoto anayekimbia. Na mbwa anayeogopa ndiye anayeuma. Ukali mnaoutafuta kwa giza na pilipili ni hofu tu, na hofu haichagui kati ya mwizi na shangazi. Mbwa aliyeona watu wengi akiwa mdogo hunyamaza mchana, halafu saa nane ya usiku akisikia mguu usio wa hapa, anabweka mara moja na wewe unaamka kwa sababu unajua huwa habweki ovyo. Huyo ndiye mlinzi.

Kila siku, dakika 10 zinatosha: mtu mwenye kofia, pikipiki, mbuzi, mtoto, na kipande cha sambaza, samaki mdogo wa ziwani, kila anapotulia. Lakini mbebe mikononi. Usimweke chini barabarani kabla chanjo hazijakamilika, kwa sababu ya parvo.

Mwenye karatasi ya Jumapili na Jumanne, pengine swali lako liko hapa. Parvo ni virusi vinavyoshika hasa watoto wa mbwa wa wiki 6 hadi miezi 6. Anaacha kula, anatapika, kisha anaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Kinachomuua haraka ni kupungukiwa maji, kwa hiyo anahitaji maji ya mshipani kwa veterineri, daktari wa wanyama, siku hiyohiyo. Kusubiri kesho uone ni kumpoteza. Virusi hivyo hukaa ardhini miezi mingi, hata kupita mwaka. Sakafu ya saruji utaiosha kwanza kwa sabuni, kisha kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kipimo 1 ndani ya maji 30, uiache dakika 10 ikiwa bado mbichi. Makoro yetu lakini, mawe ya lava, yana vitundu kama mkate, huwezi kuyaosha. Ukifiwa na mtoto wa mbwa kwa parvo, usilete mwingine katika parsele hiyo mpaka awe amemaliza chanjo zake.

Chanjo hiyo huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4, na ya mwisho isiwe kabla ya wiki ya 16. Wengi huchanja mara moja na kusema tayari. Kinga ya maziwa ya mama inaweza kuiharibu sindano ya kwanza, ndiyo sababu tunarudia. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, na kwa kawaida kila mwaka baada ya hapo. Mwombeni veterineri awaonyeshe chupa imetoka wapi. Chanjo inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Umeme wa hapa mnaujua. Iliyopanda pikipiki mfukoni bila barafu haiwezi kuaminiwa tena.

Kuhusu kichaa chenyewe, msitegemee kuona mbwa anayetoa povu na kukimbiza watu. Wapo wanaonyamaza tu: taya limelegea, mate yanadondoka, sauti imebadilika, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono kuutoa, na mkono ndio unaobeba ugonjwa. Mbwa asiyeweza kufunga mdomo msimguse, mwiteni veterineri.

Mtu aking'atwa, dakika 15 za maji yanayotiririka na sabuni, kwa saa, si kwa kukisia. Hakuna kubandika jiwe jeusi, wala asidi ya betri, wala majani. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Sindano hutolewa kwa ratiba: siku ya 0, ya 3, ya 7, na nyingine za baadaye kadiri daktari atakavyopanga, kidonda kikubwa huongezewa kinga ya kuchomwa pembeni ya jeraha. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Na mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa salama, msimuue kwa hasira. Mfungieni siku 10 mkimtazama. Akimaliza siku 10 mzima, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku aliyouma. Mkimpiga mawe akafa na kutupwa, mmeitupa pamoja naye njia hiyo ya kujua.

Hata bila ugonjwa, deni ni lako. Sheria ya kiraia ya Kongo, Kitabu cha 3, kifungu cha 261, inamtaka mwenye mnyama alipe hasara aliyoileta, awe alikuwa mkononi mwake, awe amepotea au ametoroka. "Alikata kamba" si utetezi.

Sasa mnyororo. Mbwa akiogopa ana njia mbili, kukimbia au meno. Ukimfunga kwenye nguzo umemwachia meno peke yake. Tena kila kinachopita kinamchokoza naye hakifikii, basi anabweka mpaka koo linakauka, na majirani wanakoma kumsikiliza, wewe pia. Mwizi wa Goma anaujua urefu wa mnyororo wako kuliko unavyoujua wewe.

Kama parsele ina wapangaji wanne na lango halifungwi mchana, tunaelewa, lazima azuiwe. Fanyeni hivi. Simikeni nguzo mbili, mita 8 hadi 10 kutoka moja hadi nyingine, mvute waya wa chuma kati yake, mita 2 juu ya ardhi. Tieni pete inayoteleza juu ya waya, na kwenye pete mnyororo mwepesi wenye kiungo kinachozunguka, usijisokote. Urefu wake umruhusu kulala chini na kuingia kibandani. Wekeni kizuizi kwenye waya mita 1 kabla ya kila nguzo, la sivyo atajizungusha na kujinyonga. Waya uwe mbali na ua. Mbwa akiruka ukuta akiwa amefungwa ananing'inia upande wa pili, na asubuhi mnamkuta amekufa. Usiku lango likishafungwa, mfungueni. Mkanda wa shingo upitishe vidole viwili. Kwa mtoto wa mbwa upimeni kila wiki, maana shingo inakua, mkanda haukui, na tumeona mikanda iliyoingia ndani ya nyama.

Kibanda kiwe cha mbao kama nyumba zetu nyingi: kwa mbwa wa kilo 20, urefu sentimita 100, upana 70, kimo 75, sakafu iinuke sentimita 15 juu ya makoro. Kikubwa mno hakitunzi joto, na usiku wa mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari si mchezo. Kiwekwe kwenye kona ya juu kabisa ya parsele. Sababu ya kusisitiza kona ya juu ni mazuku.

Wageni wengi hudhani mazuku ni hadithi ya kuwatisha watoto. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, kutoka kwenye moto ulio chini ya volkano zetu. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, basi inatiririka kama maji na kujaa kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa upande wa kwenda Sake na karibu na ziwa. Alfajiri pasipo upepo ndipo inapojaa zaidi. Pua ya mbwa iko sentimita 50 kutoka ardhini, au 10 akiwa amelala. Wewe unayesimama na mita 1.70 huwezi kuhisi kitu, naye tayari anazimika. Mbwa aliye huru mara nyingine huondoka akianza kupumua vibaya. Aliyefungwa ndani ya shimo hana pa kwenda.

Mkiona mijusi, ndege au wadudu wamekufa mahali pamoja, na majani yamekauka mviringo, hapo si pa kufunga mnyama wala kumwacha mtoto acheze. Na mbwa akianguka humo, msiiname kumchukua. Watu hufa hivyo, mmoja akifuata mwingine. Vuteni kwa kamba au fito ndefu mkiwa juu, ikishindikana mwacheni.

Kwa kuwa tumegusa volkano: Januari 17, 2002 lava iliingia mjini, na Mei 22, 2021 ikarudi, siku tano baadaye watu waliamriwa kuhama. Saa kama hizo hakuna anayetafuta ufunguo wa kufuli la mnyororo. Tundikeni kamba ya mita 2 mlangoni, na kitabu cha chanjo kikae pamoja na vitambulisho vyenu. Kama hamwezi kwenda naye, angalau mfungueni.

Chakula. Mbwa wa kilo 20 anahitaji karibu kilokalori 1,000 kwa siku. Hiyo ni unga wa mahindi gramu 180 kabla ya kupikwa, ndagala (dagaa) au sambaza zilizokauka gramu 60, matumbo yaliyochemshwa gramu 100, na kijiko cha mafuta. Gawanyeni mara mbili. Samaki hao wadogo wanaliwa na mifupa yao, ndipo anapopata chokaa ya meno na mifupa. Kwa mwaka mnahesabu unga kilo 66 na samaki kilo 22. Ukiona nyingi, sasa ndio wakati wa kusema hapana, si akishakuwa mkubwa. Fufu ya muhogo peke yake inajaza tumbo na kumwacha bila misuli. Makayabo, samaki wa chumvi, yalowekwe usiku mzima na maji yamwagwe. Mchuzi wenye vitunguu unaharibu damu yake polepole. Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha; mbichi na mkubwa ni afadhali. Maji ni lita 1 na zaidi kidogo kwa siku, bidoni moja ya lita 20 haimfikishi wiki tatu.

Wanaouliza kuhusu berje, yule wa Ujerumani mwenye masikio yaliyosimama: anakula karibu mara moja na nusu ya huyo, na nyonga zake hudhoofika mapema. Wa kienyeji wa kilo 20 anasikia vizuri vilevile. Kuna hata mbwa wa misitu ya nchi hii, Basenji, ambaye habweki kama wengine, na wazungu wanamlipia pesa nyingi. Kama mnataka kengele, huyo siye.

Mbwa jike huingia joto takriban kila miezi 6 au 7, kwa wiki 3 hivi. Damu ikipungua, karibu siku ya 9, ndipo anapokubali dume, na wenye mbwa wengi hudhani imekwisha wakamfungua. Mimba ni siku 63. Msipotaka watoto, mwe mmemhasi kabla.

Mama mmoja ameinua mkono: sumu ya panya? Ndiyo, mbwa hula panya aliyeila, au sumu yenyewe. Nyingi zinazuia damu kuganda, na dalili huja baada ya siku 2 hadi 5: ufizi mweupe, damu puani, kuchoka. Maziwa hayasaidii. Leteni paketi ya sumu pamoja na mbwa, kwa sababu ipo dawa, vitamini K1, lakini si kwa kila aina.

Sasa tutoke nje. Mliokuja na mbwa simameni mita 3 mmoja na mwingine, kamba mkononi, si kiunoni. Tutaanza na mikanda ya shingo, halafu ufizi: unabonyeza kwa kidole, unaachia, na rangi ya waridi inatakiwa irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili.