Kiraka Kionekane: Mhadhara wa Bombo juu ya Vipande, Nyuzi na Sanaa ya Hapa

(Mazungumzo haya yalifanyika Bombo, mji wa Uganda wenye kambi ya jeshi, mbele ya akina mama na vijana wanaojifunza cherehani. Nimeyaandika yalivyosemwa, ila marudio nimeyapunguza.)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Hajati, asante kwa kunikaribisha. Niliambiwa nizungumze Kiswahili kwa sababu humu ndani kuna Wanubi, kuna Waganda, kuna wake wa askari waliotoka Arua mpaka Kasese, na hii ndiyo lugha inayotukutanisha. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Bombo haikuwasubiri! (Kicheko.)

Nimekuja na gunia, na nimelimwaga hapo chini makusudi. Ni mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi wa gomesi, lile vazi refu la akina mama wa Uganda. Gomesi moja inakula mita sita hivi za kitambaa, na popote zinapokatwa mita sita, pembeni hudondoka vipande vya mkono, vya kidole, vya upana wa rula. Mafundi wengi huvitumia kufutia mafuta ya cherehani au kuwashia sigiri. Ukienda na heshima yako ukaomba, watakupa bure. Ukienda mara ya tatu wataanza kukuuzia, kwa hiyo pelekeni na andazi.

Sitaki kuwafundisha kuunga viraka. Hakuna aliyelelewa katika nyumba zetu hizi asiyejua kushona kiraka. Nimekuja kuzungumzia aibu tunayokionea. Kiraka kwetu ni cha goti la suruali ya shule, tunakishona kwa ndani, tunatafuta uzi wa rangi ileile, tunaomba Mungu mwalimu asione. Ninachodai leo ni kwamba tukitaka mfarishi, yaani blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa, au blanketi la nyuzi la kutazamwa, kiraka lazima kipewe ruhusa ya kuonekana, na jicho la kukipanga tunalo hapahapa Uganda, tumeacha tu kulitumia.

Anzeni na lubugo, kitambaa cha gome la mti. Gome la mutuba huvunwa msimu wa mvua, mti ukafungwa majani ya migomba ili usikauke, na gome jipya likaota. Gome lililotoka hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia ile ya mifereji mipana hadi ile ya mifereji membamba, ndani ya banda lililo wazi ili lisikauke upesi, mpaka linakuwa laini na pana, la rangi ya udongo mwekundu. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Lakini siku mkienda kwenye Jumba la Makumbusho pale Kitante, Kampala, msiishie kusoma kibao. Inameni mtazame shuka lenyewe. Palipokuwa na tawi huwa pana tundu, na tundu limekatiwa kipande cha lubugo na kushonwa. Gome moja halitoshi shuka kubwa, kwa hiyo huungwa. Nguo ya wafalme wa Buganda ni nguo ya viungo na viraka, na hakuna anayeiita ya maskini.

Pwani nako husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Kanga ya kiwandani ilikuja baadaye kuiga kile walichokuwa wameshakibuni na sindano.

Na ng'ambo ya bahari kuna ndugu zetu ambao huwa hatuwakumbuki. Kule Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, watu wa asili ya Afrika ambao wengi wao mababu zao walipelekwa Goa enzi za Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi. Hawapimi wala hawachori. Wanatandika sari kuukuu chini, wanaanza pembeni na kipande cha kwanza, wanapiga bandi kwa mkono wakizunguka ukingo, kiraka juu ya kiraka, wakielekea katikati mpaka pafungike. Bandi inayoshika kiraka ndiyo hiyohiyo inayoshika tabaka zote. Mwishoni kila pembe hutiwa kipande kilichokunjwa, wanakiita phula, yaani ua, na bila hayo maua wanasema kawandi iko uchi. Mimi njia hii naipenda kuliko ya Wamarekani, ya kukata miraba sawasawa na kuacha robo inchi kila upande. Ile ya robo inchi inataka cherehani iliyonyooka, rula na umeme wa pasi usiokatika. Ya Wasiddi inataka sindano, uzi na kivuli cha mti.

Sasa nije kwenye jicho. Mama mmoja hapa amekuja na tabaga ya nyumbani kwake, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa cha Wanubi. Naomba uinyanyue, mama, waione walio nyuma. Itazameni rangi: nyekundu, kijani, manjano, zambarau. Ukizitaja hivyo utadhani ni fujo, na mbona macho yetu yanatulia? Finyeni macho nusu, hivi, kama mtu anayetazama jua. Rangi zimepotea, kimebaki giza na mwanga: duara jeusi, duara jeupe, jeusi tena. Aliyeisuka hakupanga rangi kwanza, alipanga giza na mwanga, rangi zikafuata. Hapo ndipo mifarishi yetu mingi inapoanguka. Tunachukua vitenge kumi vilivyochangamka, vyote vya mwanga wa kati, tunaviunga, halafu tunashangaa mbona kazi imekuwa kelele. Kabla hujashona, tandaza vipande sakafuni, vipige picha kwa simu, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kijivu kitupu, rudi kwenye gunia ukatafute kipande cheusi kabisa na cheupe kabisa. Bitana nyeupe ya suti inafaa sana. Hata mfuko wa unga wa ngano, ule wa pamba, unafaa.

Mengine ya vitenge nayapitia haraka. Fueni vyote kabla, kwa sababu kimoja kitarudi kikapungua na kingine hakitarudi. Chekundu kisugueni kwa kitambaa cheupe kilicholowa; kikiacha alama, kiwekeni kando. Mshono ulazeni upande wenye rangi nzito, pasi ipite juu. Katikati msiweke sufi nene. Hapa si Kabale kwenye baridi. Shuka la zamani lililolainika linatosha, na mtoto hatatokwa jasho.

Kwenye nyuzi nitakaa kidogo, kwa sababu uzi ni ghali na mitumba imejaa. Nenda soko la Owino kule Kampala na upekue sweta. Usitazame rangi kwanza, ligeuze ndani utazame mshono wa ubavuni. Ukiona umefungwa kwa ovaloki, zile nyuzi tatu au nne zinazoviringa ukingo, liache: lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye jora, na ukilifumua utapata vipande vifupi, mstari mmoja mmoja. Unalolitaka ni lile ambalo kila upande ulifumwa kwa umbo lake, ukingo wake ni safi, na mshono ni kamnyororo kamoja. Kata hako kamnyororo polepole, tenga mikono, kifua na mgongo, kisha anzia juu, mabegani, kwa sababu kwa kawaida ufumaji uliishia hapo. Ukipata ncha sahihi, uzi unakimbia wenyewe. (Mzungumzaji anafumua, watoto wanapiga makofi.) Mnaona! Ila sweta la sufu lililofuliwa kwa maji moto likaganda kama kofia, hilo halifumuki tena, msijisumbue.

Mnauona uzi ulivyojikunja? Ukiufuma hivi kazi itavimba vimba. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa uzi mwingine, uloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uning'inize na kitu chepesi chini. Ukikauka umenyooka. Na kama hujui ni uzi gani, choma ncha: ukinuka nywele na kuwa majivu ni sufu, ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu ni akriliki. Afadhali zisichanganywe katika blanketi moja, maana zinafuliwa tofauti. Mnene na mwembamba mnaweza kuchanganya, ila ule mwembamba shikeni nyuzi mbili pamoja. Sheria ni ileile ya tabaga: mstari wa giza, mstari wa mwanga. Mabaki ya uzi ya watu kumi yatakubaliana ukiyapitishia mstari mmoja mweusi kila baada ya rangi.

Wengine mtasema huku ni kupoteza muda, sanaa ni ya wasomi wa Makerere. Makerere naiheshimu, Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa pale mwaka 1937 na matunda yake tunayaona. Lakini tazameni kilichotokea Venice mwaka 2022, mara ya kwanza Uganda kuwa na banda lake kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa. Waliotuwakilisha ni Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda likatajwa kwa heshima maalumu na waamuzi. Kerunen alipeleka nini? Rafia, nyuzi za migomba, matete, kazi iliyosukwa pamoja na wanawake wasukaji. Sanaa Gateja naye, mzaliwa wa Kisoro, anachukua karatasi zilizotupwa, zinaviringishwa kuwa shanga, zinashonwa juu ya lubugo, na watu wanasimama mbele yake kimya. Bobby Kolade pale Kampala anachambua mitumba, anaikata, anaiunga upya na kuirudisha ilikotoka, kazi akaipa jina Return to Sender. Vitu vyote hivyo mnavyo kwenye kapu la jikoni.

Kwa hiyo mkienda mjini kununua zipu, piteni Nommo Gallery pale Nakasero, ipo tangu 1964. Au soko la sanaa nyuma ya National Theatre. Msiende kuulizia bei. Nendeni mkafinye macho.

(Maswali yalikuwa mengi. Nayaandika mawili.)

Kijana mmoja aliuliza kama lubugo linaweza kuingia kwenye mfarishi wa kitandani. Nilimjibu: lubugo halikufumwa, kwa hiyo sindano inaacha tundu lisilofunga. Tumia hatua ndefu za uzi, usirudie mshono mahali pamoja, na usilifue kama pamba. Litundike ukutani. Tena uliza wazee wa nyumba kwanza, maana Buganda lubugo ndilo linalozikia, na yuko bibi atakayekataa kulala chini yake hata ukimpamba maua.

Mama aliyeleta tabaga aliuliza mfarishi auuze kiasi gani, kwa kuwa vipande alipewa bure. Nikamwambia: mama, vipande ni bure, mgongo wako si bure. Andika kwenye daftari siku ulizoketi, kila siku ijumlishie ujira ambao fundi wa hapa Bombo hulipwa kwa kibarua, ongeza uzi na andazi la yule fundi wa gomesi. Mteja akisema ni ghali kwa sababu ni viraka, mwonyeshe mstari mweusi na mweupe, umwambie afinye macho. Akiendelea kubisha, muuzie kitambaa cha meza.