Katoni Iliyorudi Inamsubiri Nani?

Asante, Mwenyekiti. Ndugu zangu, habari za kumfikishia mteja bidhaa mnazijua kunishinda, sitazirudia. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti: mzigo unaorudi, yaani bidhaa ambazo wateja wanaturudishia.

Nianze na printa moja. Nilikuwa nakagua ghala, nikafika kona ya nyuma, ile ambayo taa yake imeungua na hakuna anayehangaika kuibadilisha. Katoni zimepandana hadi dirishani. Nikashusha moja. Ubavuni imeandikwa kwa kalamu: "Mbovu." Basi, neno hilo tu. Tarehe ya kupokelewa, wiki 11 nyuma. Nikaifungua. Printa safi, haina hata mkwaruzo. Nikachomoa katriji, nikakuta ule utepe wa plastiki unaoziba tundu la wino bado umebandikwa. Mteja hakuubandua, akachapa, karatasi zikatoka nyeupe, akairudisha. Nikaubandua, nikachapa ukurasa wa majaribio. Herufi zote zikatoka. Kazi nzima dakika 4.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Ingefunguliwa siku ile ile, kesho yake ingekuwa rafuni kwa bei inayokaribia ya mwanzo. Wiki 11 baadaye toleo jipya lilishaingia sokoni, na ile yetu ikauzwa kwa fungu pamoja na mabovu ya kweli, kwa mnunuzi asiyefungua katoni hata moja. Thamani yake tuliila wenyewe kwa kuiweka.

Na kwa nini iliwekwa? Kijana wa mapokezi aliijua kazi yake vizuri, ila hakuwa na ruhusa ya kuamua chochote. Mhasibu hafungui katoni. Idara ya mauzo inahesabu kinachotoka. Ndiyo maana nang'ang'ania: mlangoni pawe na meza, soketi ya umeme, na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapo hapo, hiki kirudi rafuni, hiki kiende kwa fundi, hiki kivunjwe vipuri.

Najua kuna anayesema moyoni, "Kukusanya vyote kituo kimoja ni nafuu." Kwa nyundo na mabomba, nakubali, vinapoteza thamani polepole, vinaweza kusubiri lori lijae. Simu, kompyuta na nguo za msimu haziwezi. Hizo zichambuliwe mlangoni kwanza, kisha zilizo mbovu kweli ndizo zisafiri.

Mwingine anasema fomu ina nafasi ya sababu, mteja aijaze. Ndugu yangu, katika Umoja wa Ulaya aliyenunua kwa mtandao kwa kawaida ana siku 14 tangu apokee bidhaa kusema kwamba anairudisha, bila kutoa sababu yoyote. Na hata akiijaza! Aliyeandika "mbovu" hakudanganya, kwake haikuchapa. Sababu yenyewe ilikuwa utepe usioonekana, na anayeweza kuigundua ni yule aliyeshika katriji mkononi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na neno moja ubavuni mwa katoni si daftari. Laiti ingeandikwa "utepe haukubanduliwa", wafungashaji wangeweka utepe wa rangi kali, na printa nyingine za namna ile zisingerudi kabisa. Hapa ndipo ninapopata hasira, maana tunalipia usafiri wa kwenda, usafiri wa kurudi, kisha somo lenyewe tunalitupa.

Udanganyifu upo, wapo wanaorudisha kifaa ambacho si kile walichonunua, sikatai. Linganisheni namba iliyo kwenye kifaa na iliyo kwenye risiti kabla ya kurudisha pesa, tuendelee.

Kuita bidhaa zirudi kwa sababu ya hatari ni mhadhara mwingine. Kumbukeni tu Galaxy Note 7 ya Samsung, mwaka 2016: simu takriban milioni 2.5 ziliitwa kwa kuwa zilikuwa zikishika moto, za kubadilishia nazo zikashika moto, na wenye simu wakapelekewa maboksi maalumu ya kustahimili moto ili wazirudishe. Hilo halipangwi moto ukishawaka. Na anayetegemea kuteketeza mabaki aangalie Ufaransa: sheria ya 2020 imepiga marufuku kuharibu bidhaa zisizo za chakula zilizokosa mnunuzi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ufungashaji nauacha. Karibuni kwa maswali, ila kila atakayesimama aniambie kwanza: ghalani kwenu, nani ana ruhusa ya kufungua katoni iliyorudi leo asubuhi?