Kauri haikatwi, inasagwa

Jamani habari za mchana, sogeeni huku mbele maana vitu nnavyoonyesha ni vidogo. Hii hapa ni plagi ya kawaida ya bodaboda. Hii sehemu nyeupe wengi tunaiita udongo tu, lakini ni alumina, aina moja ya kauri, yaani vitu vigumu vya kuchomwa kwenye tanuri kama vigae, na kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs alumina iko 9 wakati almasi yenyewe ni 10. Chukua biti yako ya chuma ujaribu kuikwaruza, utakuta biti ndo imeliwa.

Mimi hili nililijua kwa hasara. Mteja aliniletea ringi nene ya alumina, anataka niitanue tundu iingie kwenye sili ya pampu ya maji, nikaifunga kwenye chaki ya lezi, ile mishikio ya mashine inayozungusha kazi ikikatwa, kama ninavofunga chuma siku zote, nikaweka jino la kabaidi, kile kikatio kigumu cha chuma, jino likaanza kuteleza na kupiga kelele bila kukata, mi nikaona labda sijakandamiza vya kutosha nikaongeza, ikalia pa! vipande vitatu. Ringi nililipa na usiku sikulala nikijiuliza nimekosea wapi.

Kosa lilikuwa hili. Chuma ukikisukuma kinakubali kujikunja kidogo, ndo maana kinatoa ule utepe. Kauri haijikunji. Ina nyufa ndogondogo ambazo macho hayazioni, na ukiivuta au ukiikandamiza vibaya nguvu yote inakusanyika kwenye ncha ya ufa mmoja. Muingereza mmoja, A. A. Griffith, aliyaandika haya mwaka 1921 akitumia kioo, akaonyesha kioo ni dhaifu kuliko hesabu zinavosema kwa sababu ya hizo nyufa. Sasa hata meno ya chaki yenyewe yanaweza kuipasua kabla hujawasha mashine.

Kwa hiyo unasaga. Almasi, maji mengi, mkono mwepesi. Ukitoboa tumia biti ya almasi ya bomba, ile yenye uwazi katikati, na kazi usiiache inaning'inia, ibandike kwa nta juu ya kigae kibovu. Pasha vyote viwili taratibu, paka nta, gandamiza, acha vipoe vyenyewe. Hapa nawaomba sana msiruke, maana kauri inavunjika zaidi pale biti inapotokea upande wa pili, inang'oa kipande kikubwa kuliko tundu lenyewe. Kigae kikiwa chini kinaishikilia, biti inatokea ndani ya kigae, kauri inabaki nzima.

Zungushia ukuta wa udongo laini mahali unapotoboa, jaza maji, na kila baada ya sekunde chache nyanyua biti maji yaingie chini. Usitoboe kavu mpaka ipate moto alafu ndo umwagie maji, hapo utasikia tena ile pa. Biti ikianza kuteleza sio lazima imekufa, almasi zimezibwa tu, toboa kidogo kwenye kipande cha jiwe la zamani la grainda zitatokeza nyingine.

Asiye na hela ya almasi achukue bomba la shaba na ile grindi pesti mafundi wa gereji wanasagia valvu. Wamisri wa kale walitoboa granaiti kwa bomba la shaba na mchanga, njia ni ile ile. Kwa kioo na vigae inaenda vizuri, kwa alumina utashinda hapo kutwa.

Alafu kuna wazee walisema udongo uwahi ungali maji, na mimi naona hii ndo siri kubwa kuliko zote. Kama unaweza, ichonge kauri kabla haijachomwa ikaiva. Mafundi wa meno wanafanya hivo, zirkonia, kauri ya kutengenezea meno bandia, inakuja imechomwa nusu, laini kama chaki ya ubaoni, wanaichonga alafu inaingia tanuri la nyuzi kama 1,500 na inasinyaa asilimia 20 na kitu. Sasa hesabu hapa inawakosesha wengi: ikisinyaa asilimia 20 huongezi 20, unagawa kwa 0.8. Ukitaka tundu la milimita 40 unachonga 50. Ukichonga 48 utapata 38 na pointi, na hapo imeshaiva, unarudi kwenye almasi.

Na lezi yako ifunike, tandika turubai lililolowa kwenye reli zote, yale maji ya kauri ni msasa mtupu, yakiingia kwenye reli mashine inakwisha. Mapafu pia, ukikata vigae kavu lile vumbi lina silika, chembe za aina ya mchanga, na likishaingia kwenye mapafu halitoki, kwa hiyo maji, na barakoa ya vumbi sio kitambaa.

Haya, nta imeshapoa hapa. Nani ana mkono usiotetemeka? Njoo dada, shika hii, mwenzio amwage maji.