Samaki wa Gizani na Gamba la Perege: mhadhara uliotolewa Mbeya

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Na mliotoka Tukuyu, mugonile.

Nimekuja na karai, kama mnavyoona. Ndani kuna perege watatu niliowanunua Mwanjelwa asubuhi, na fungu la usipa mkavu wa Kyela. Mama aliyeniuzia aliuliza kama nina wageni nyumbani. Nikamwambia hapana, nakwenda kuzungumza habari za samaki asiye na macho. Akacheka: "Sasa mwalimu, huyo atajuaje kama kavuliwa?" Nimelibeba swali lake mpaka hapa, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo ni kumjibu yeye.

Samaki mwenyewe jina lake la kitaalamu ni Caecobarbus geertsii. Makazi yake ni Kongo, katika mapango ya mawe ya chokaa karibu na mji wa Mbanza-Ngungu, kwenye njia ya reli kati ya Kinshasa na bandari ya Matadi. Enzi za Wabelgiji mji huo uliitwa Thysville. Mtaalamu wa samaki George Boulenger ndiye aliyemwandika kwa mara ya kwanza, mwaka 1921. Ni mdogo, sentimita 8 hivi, na anaonekana wa pinki. Ile pinki haimo kwenye ngozi yake. Ngozi haina rangi kabisa, mnachokiona ni damu iliyo chini yake. Pale jicho linapotakiwa kuwapo, ngozi imepita moja kwa moja kama lipu juu ya ukuta ambao dirisha lake limezibwa.

Msidhani ni kiumbe cha ajabu kisicho na ndugu. Huu usipa ulioko kwenye karai ni ndugu yake wa mbali. Na mbasa pia, yule mnayemsubiri kwa hamu kutoka Ziwa Nyasa. Wote wametoka kundi moja kubwa, na alama ya kundi hilo mnaweza kuitafuta jikoni: ukimpata mbasa, mpitishe kidole kwenye taya. Hakuna jino. Meno yapo, lakini yako kooni. Kundi hilo lina jambo jingine la maana zaidi kwa mada yetu. Kuna vifupa vidogo vimeungana kama mnyororo kutoka kwenye kibofu cha hewa mpaka kwenye sikio la ndani, na kibofu kinafanya kazi kama ngoma. Mtetemo ukigonga ngoma, vifupa vinaupeleka sikioni. Kwa hiyo mababu wa samaki huyu walipoingia pangoni, waliingia wakiwa na masikio mazuri tayari.

Sasa tuje kwa perege. Kijana wa mbele, njoo unishikie hapa. Ndaga fijo. Mnaona mstari huu ubavuni? Kwa perege umekatika vipande viwili, kimoja juu, kingine kimeshuka chini kuelekea mkiani. Nabandua gamba moja lililo juu ya mstari, nalishika kwenye mwanga wa dirisha. Tazama: kuna kitundu. Gamba la pembeni halina, hili linacho. Chini ya vitundu hivyo kuna mfereji, na ndani ya mfereji vishungi vya vinyweleo vilivyofunikwa na ute. Maji yakisogea, ute unainama, vinyweleo vinainama, neva inapeleka habari.

Fumbeni macho wote. Pulizeni taratibu juu ya mkono wenu. Mmejua upepo unatoka wapi bila kuona. Samaki wa pangoni anaishi hivyo mwili mzima. Anapoogelea anasukuma maji mbele yake, maji yanagonga jiwe, msukumo unabadilika, naye anajua kuna jiwe. Mama wa Mwanjelwa jibu lake ni hili: wavu ukisogea tu majini, huyo atakuwa amejua.

Macho yalikwendaje? Walioeleza vizuri zaidi ni waliomchunguza samaki mwingine wa mapangoni, wa Mexico, anayeitwa Astyanax. Kiinitete chake huanza kutengeneza jicho kama kawaida. Kisha lenzi inakufa, na jicho zima linasinyaa. Mwaka 2000 watafiti wawili, Yamamoto na Jeffery, walichukua lenzi ya kiinitete cha ndugu yake anayeishi mtoni wakaipandikiza kwa yule wa pangoni, upande mmoja tu. Akakua na jicho upande huo, upande wa pili hana. Mimi habari hiyo ilinikosesha usingizi.

Na kwa nini lisinyae? Jicho linakula. Lenyewe na sehemu ya ubongo inayolihudumia vinateketeza nishati mchana na usiku, na pangoni hakuna mmea hata mmoja, maana hakuna jua. Chakula ni kile kinacholetwa na mafuriko ya masika: wadudu, majani yaliyooza, na kinyesi cha popo. Waliowahi kuingia Pango la Popo kule Songwe wanakijua kinyesi hicho kinavyorundikana, na harufu yake. Mwenye kula kwa msimu hawezi kulisha kiungo kisichomletea kitu.

Samaki wetu wa Kongo ana binamu Somalia, Phreatichthys andruzzii, naye ni wa gizani; huyo hata magamba hana. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba saa ya mwilini mwake haiijui tena siku ya saa 24; mzunguko wake unaweza kufika saa 47, na mwanga hauirekebishi. Lakini ukimlisha kwa muda uleule kila siku, anaanza kuchangamka kabla chakula hakijafika. Jua kalisahau, ugali hajausahau.

Tatizo la huyu wa Mbanza-Ngungu liko juu ya pango. Mvua inayonyesha kilimani ndiyo sahani yake. Msitu ukifyekwa na shamba likalimwa mpaka kwenye mdomo wa pango, mto wa chini unajaa tope. Na chokaa ina wateja. Jiwe likichimbwa, nyumba ndiyo imechimbwa. Tangu zamani yupo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, kwa sababu wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya walimtamani. Mkataba unazuia wauzaji wasio na kibali. Tope hauliwezi.

Naona mkono kule nyuma. Analiwa? Mzee, sentimita nane. Kula usipa.

Karai linapita sasa. Kila mmoja abandue gamba moja kwenye mstari na moja la pembeni, alinganishe dirishani. Bomba la kunawia liko nyuma ya jengo, na perege msiwatupe, nina mboga ya jioni hapo.