"Haya, Sawa": Kujitetea Dhidi ya Shitaka la Njama katika Mahakama za Shirikisho Marekani

Habari za jioni. Mliokaa nyuma mnanisikia? Haya.

Nianze na mtu wa huku kwetu. Ahmed Khalfan Ghailani ni mzaliwa wa Zanzibar. Novemba 2010, katika mahakama ya shirikisho ya Manhattan, raia 12 wa jopo walitoa uamuzi juu ya kesi yake ya mabomu ya balozi za Marekani ya 7 Agosti 1998, yaliyoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi. Mashtaka yalizidi 280, mengi yakiwa ya mauaji. Hana hatia, hana hatia, hana hatia. Katika msururu wote huo walimkuta na hatia katika shitaka moja tu: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Januari 2011 Jaji Lewis Kaplan akampa kifungo cha maisha kwa hilo hilo moja. Alikata rufaa, akashindwa.

Sikuja kumlilia Ghailani. Humu ndani huenda yumo aliyefiwa siku ile. Ila mwanasheria akisikia hesabu hiyo lazima ajiulize: ni shitaka gani hili linalobaki limesimama wakati mengine yote yameanguka?

Ni shitaka la maafikiano. Sheria haisubiri nyumba iungue. Inatosha mlikubaliana kuichoma. Chini ya kifungu cha 371 cha sheria ya jinai ya shirikisho, ambacho ni cha njama kwa jumla (cha Ghailani kilikuwa kingine, kizito zaidi), watu wawili au zaidi wakikubaliana kutenda kosa la shirikisho, na mmoja wao akapiga hatua moja tu, hata ya kukodi gari, kosa limetimia, na adhabu yake inafika miaka 5. Kwenye dawa za kulevya hata hatua hiyo haihitajiki. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1994 katika kesi ya Shabani, na kifungo ni kile kile cha kosa lenyewe. Ndiyo maana waendesha mashtaka wanalipenda.

Sasa utetezi. Mshtakiwa mgeni hukimbilia kusema "sikufanya." Wakili wake hushika kichwa. Kufanya hakukuulizwa. Kilichoulizwa ni: ulikubali nini, na nani?

(Hapa dada mmoja wa mstari wa mbele aliuliza: "Mwalimu, na kama alijua, lakini akanyamaza?")

Swali zuri, na nusu ya kesi hizi iko hapo. Kujua si kukubali. Mwaka 1940, katika kesi ya Falcone, walikuwapo wafanyabiashara waliowauzia sukari, hamira na makopo watu wa pombe haramu. Walijua bidhaa zinaenda wapi. Mahakama ya Juu ikasema kumuuzia mhalifu si kuingia katika njama yake, kama hata hukujua kwamba njama ipo. Lakini muuza sukari asishangilie mapema. Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ya Direct Sales, kampuni iliyouza mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya, kwa njia ya posta. Daktari mmoja wa mji mdogo wa South Carolina alikuwa akiletewa vidonge 5,000 hadi 6,000 kila mwezi, vya kutosha dozi 400 kwa siku. Kampuni ikasema sisi ni wauzaji tu. Mahakama ikakataa: mofini si sukari, na muuzaji anayehimiza biashara ya namna ile mwezi baada ya mwezi ana mkono wake humo. Basi wakili mzuri huanzia hapo: bidhaa gani, kiasi gani, mara ngapi, faida ilikwenda kwa nani.

Kuna mlango mwingine, nao naupenda zaidi. Hati ya mashtaka inasema njama ni moja kubwa. Je, ni moja kweli? Katika kesi ya Kotteakos, 1946, dalali mmoja wa mikopo, Simon Brown, aliwatengenezea watu mbalimbali maombi ya uongo. Kila mteja alimjua Brown, lakini hawakujuana wao kwa wao. Ni spoku za baiskeli zilizokutana katikati, rimu hakuna. Hukumu zikabatilishwa. Pima mwenyewe tofauti: kubeba kosa lako, au kubeba ya watu thelathini usiowajua hata kwa sura.

Maana mzigo huo upo. Mwaka huo huo wa 1946 ndugu wawili, Walter na Daniel Pinkerton, walikuwa na biashara ya wiski isiyolipiwa kodi. Walter alitenda baadhi ya makosa Daniel akiwa gerezani, na Daniel akabebeshwa. Mnacheka, lakini ndiyo sheria mpaka leo. Mwaka 2013 ikaongezwa, katika kesi ya Smith: anayedai alijitoa ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kukaa jela si kujitoa.

La mashahidi nitalipita haraka. Watu wengi wanaotiwa hatiani kule hukiri, na wengine hulipia punguzo la kifungo kwa kutoa ushahidi dhidi ya wenzao. Tangu kesi ya Giglio, 1972, upande wa mashtaka unalazimika kufichua ahadi aliyopewa shahidi. Iombe kwa maandishi, halafu mhoji shahidi juu yake mpaka jasho limtoke. Na kama mteja si raia, wakili lazima amweleze kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Hilo ni kesi ya Padilla, 2010.

Nimalizie na lugha yetu. Mtihani wa shirikisho wa kuthibitisha wakalimani wa mahakama upo kwa Kihispania tu, Kiswahili hakimo. Chukulia simu iliyorekodiwa. Mmoja anaeleza mpango wake, dakika tatu nzima. Mwingine ana mtoto analia na sufuria jikoni. Anajibu: "Haya. Haya, sawa. Sawa basi." Kwenye karatasi ya tafsiri imeandikwa: "Ndiyo, nimekubali." Nani humu hajawahi kusema "haya, sawa" ili mtu akate simu? Wakili asiyejua Kiswahili ataisoma karatasi ile na kumshauri mteja akiri. Anayejua ataomba sauti yenyewe, atafute mkalimani wake, na kuiwasha mbele ya wale raia 12, mtoto akisikika analia.

Karibuni maswali.