Bata maji, daraja na zile nyaya zetu za nyumbani

Mambo vipi wadau wa Moshi na Chuga, leo niko Reading, Uingereza, pembeni ya mto Thames, hilo nyuma yangu ni Caversham Bridge na hao weupe wenye shingo ndefu ndo bata maji. Nataka tuongee jinsi wanavyogonga madaraja na nyaya, maana huko nyumbani tunajenga sana sasa hivi na hili linatuhusu kabisa.

Huyu ndege ni mzito aisee, dume anafika kilo 10 hadi 12, mabawa yakifunguka yanapita mita 2, kwa hiyo haruki papo hapo kama njiwa. Mcheki huyu... anakimbia juu ya maji, miguu inapiga pa pa pa pa, mabawa yanachapa, shingo kanyoosha mbele, mpaka spidi ikolee ndo ananyanyuka, halafu anaenda chini chini anaufuata mto. Sasa mbele kuna daraja, juu yake nguzo za taa, pengine na nyaya, na yeye kukata kona ghafla hawezi, macho yenyewe yako pembeni ya kichwa, mbele haoni vizuri, ukijumlisha na ukungu wa asubuhi ndo basi tena. Anavunjika bawa au anadondoka katikati ya barabara, na hapo hata akiwa mzima kuondoka ni kazi maana hana maji ya kukimbilia, anakaa tu magari yanakuja. Wengine wanatua wenyewe kwenye lami iliyolowa wakidhani ni mto. Inauma sana.

Dawa yake wala sio ngumu. Nyaya za karibu na mto zinafungwa visahani vinavyong'aa na springi za plastiki, ndege anauona waya kutoka mbali anapanda mapema. Kule Florida, daraja la Sebastian Inlet, walisimamisha milingoti pembezoni, membe, wale ndege wa baharini, wakawa wanapita juu zaidi badala ya kukatiza kwenye magari, vifo vikapungua. Milingoti tu jamani!

Haya, nyumbani bata maji hawa hatuna, ila tuna heroe wa Natron na Momella, tuna korongo, tuna tandawala, wale ndege wakubwa wa mbugani. Na mwaka 2010 wataalamu walitoa utafiti kuhusu macho ya korongo na tandawala, wakaonyesha kwamba akiinamisha kichwa kuangalia chini huku anapaa, mbele haoni kitu. Sasa fikiria ile laini ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Singida, Babati, Arusha mpaka Namanga. Mimi nasema vialama, yaani vile visahani na springi, vifungwe siku ileile waya unavutwa, kumrudisha fundi juu baadaye ni hela nyingine. Mradi ukija kijijini kwenu, nyoosha mkono kwenye mkutano uliza hilo swali, na hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari.

Na nyie bodaboda mnaopita Kikuletwa au kule Nyumba ya Mungu alfajiri, mkikuta ndege mkubwa yuko chini barabarani simamisheni magari kwanza, mfunikeni kichwa kwa kanga au koti atulie, mabawa myabane taratibu mwilini, msimshike shingo na msimrushe juu eti aruke, wapigieni watu wa wanyamapori. Halafu nitumieni picha na jina la sehemu, nataka tujue ni waya gani na daraja gani.