Mkwezi Anapokwama Njiani: Jeni na Safari ya Nyuroni

Habari za jioni, ndugu zangu. Tuanze na picha hii ya MRI. Ubongo wa kawaida umejaa mikunjo, na gamba lake la nje lina unene wa milimita 2 hadi 4. Huu mnaouona ni laini kama yai, na gamba limepita milimita 10. Mtu atadhani mtoto huyu alipata seli nyingi kupita kiasi. Sivyo. Seli zake hazikufika zilikokuwa zikienda. Unene huo ni msongamano.

Nyuroni, yaani seli za ubongo zinazopitisha ishara, zilizo kuu za gamba huzaliwa ndani kabisa, kando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, kisha hupanda. Kwa binadamu msafara huo hupamba moto kati ya wiki ya 12 na ya 20 ya ujauzito. Njia yenyewe ni seli za glia, yaani seli za kusaidia nyuroni, ambazo kila moja hunyoosha uzi mrefu kutoka chumbani hadi ukingo wa nje wa ubongo. Pasko Rakic alizieleza mwaka 1972 akichunguza ubongo wa nyani.

Aliyewahi kumtazama mkwezi wa minazi ataelewa mwendo wake. Mkwezi hutanguliza mikono, akashika, ndipo akauvuta mwili. Nyuroni nayo hutanguliza mkono mwembamba ulioukumbatia uzi wa glia. Kisha sentrosomu, mahali inapoanzia mirija midogo ya ndani ya seli, husogea mbele. Mwisho kiini, ambacho ndicho mzigo mzito, huvutwa kwa mruko kuifuata. Nyuroni hupumzika kidogo, kisha huanza tena.

Injini ya kuvuta kiini ni protini iitwayo dainini, inayotembea juu ya mirija hiyo. Protini ya jeni ya LIS1 huisaidia dainini isiachie mzigo. Ya DCX huikaza mirija isilegee. Ndiyo maana sipendi usemi kwamba jeni ni ramani. Hakuna jeni iliyoandikwa anwani ya nyuroni. Zinatoa kamba, injini na breki, basi.

LIS1, iliyotambuliwa mwaka 1993, iko kwenye kromosomu 17. Mtu ana nakala mbili, na kupoteza moja tu kunatosha kuleta ubongo laini, kwa kuwa nusu ya protini haitoshi kuvuta. DCX, ya mwaka 1998, iko kwenye kromosomu X. Mvulana mwenye X moja iliyoharibika hupata ubongo laini. Msichana ana X mbili, na kila seli yake huzima moja. Seli zilizobaki na X nzima hupanda hadi juu; zilizobaki na ile mbovu hukwama katikati. Tazameni ubongo wa msichana kama huyo: chini ya gamba la kawaida kuna ukanda wa pili wa nyuroni, kama gamba limewekewa bitana. Wengi wa wasichana hawa huja kliniki kwa sababu ya kifafa.

Kwa anayesoma picha, kuna alama ya kuangalia. LIS1 huharibu zaidi sehemu ya nyuma ya ubongo, DCX zaidi ya mbele.

Sasa breki. Gamba hujengwa kwa mtindo wa ajabu: nyuroni za kwanza hukaa chini, kwenye tabaka la 6 na la 5, na zinazozaliwa baadaye huzipita zile za kwanza na kukaa juu yake. Mwaka 1951 D. S. Falconer wa Edinburgh alieleza panya waliopepesuka wakitembea. Tabaka zao zilikuwa karibu kupinduka juu chini. Jeni iliyokosekana ilipatikana mwaka 1995, na protini yake ikaitwa rilini. Hutolewa na seli za ukingo wa juu kabisa. Nyuroni inayofika karibu huipokea kwa vipokezi viwili, navyo huiwasha protini ya ndani, Dab1. Nyuroni ikishika ukingo wa juu, hujivuta hadi mahali pake, kisha Dab1 huvunjwa ili mwendo ukome. Isipovunjwa, seli hupitiliza. Kwa hiyo kuiita rilini “ishara ya kusimama” tu ni kuipunja.

Si nyuroni zote hukwea, lakini. Zile za kutuliza wenzao hutoka upande wa chini wa ubongo na kusafiri kwa ubavu. Jeni ya ARX ikiharibika kwa mvulana, hizo hupungua mno, na degedege huanza mara tu baada ya kuzaliwa.

Swali ambalo wazazi huuliza ni: mtoto ajaye je? Kwa LIS1, kasoro mara nyingi ni mpya, lakini wazazi wapimwe kromosomu, kwani mmoja anaweza kubeba vipande vilivyobadilishana nafasi huku yeye mwenyewe hana tatizo. Mama mwenye kasoro ya DCX huirithisha kwa nusu ya watoto, kwa bahati, wa kiume kwa wa kike. Na tafadhali, msitoe jibu kwa ultrasaundi ya wiki ya 20 peke yake: wakati huo hata ubongo wa kijusi usio na kasoro bado uko laini, mikunjo mingi haijaanza.